Saa ya Ofisi na Saa ya Nyumbani

Jumatano, 5 Machi

Umepotea wewe. Tangu Krismasi hujafungua hili daftari. Ulifikiri litajiandika? Nimelipata nyuma ya vibuyu, limeshika harufu ya moshi na panya ameonja kona moja. Aibu. Mwalimu Wambui alisema shajara inasomwa na mwenyewe peke yake. Basi msomaji ni mimi, na ninajigombeza mimi, maana hakuna mwingine wa kunigombeza hapa nyumbani.

Nimekamua. Malel ametoa maziwa kidogo, nyasi imekauka. Chai pia imekataa kuchipua. Nimezunguka shamba lote na kikapu hakikufika nusu. Karani wa kituo cha majani akaniuliza, "Kogo, leo umeleta chai ama umeleta salamu?" Nikamwambia salamu ni ya bure, chai apime.

Kila mtu hapa ananiita Kogo, nyanya. Mjukuu wa damu niko naye mmoja tu. Yuko Kanada.

Naandika Kiswahili kwa sababu ndicho nilifundishwa kuandika, na mvi kichwani, kwenye darasa la ngumbaru pale kanisani. Kipsigis changu kiko mdomoni. Kiingereza ndio tumeanza mwaka jana. Kinanisumbua kama ndama asiyetaka kamba.

Jioni ni mbaya. Napika kwa sufuria ndogo. Siipendi sufuria ndogo.

Ijumaa, 7 Machi

Brian amepata mtoto! Msichana!

Nimekaa chini kwanza. Sasa naandika.

Brian ni mtoto wa Joseph wangu. Joseph alienda Kanada kijana, akaoa huko, akafia huko, akazikwa huko. Kaburi lake nimeliona kwa simu. Brian hajawahi kukanyaga hapa. Kipsigis hajui, Kiswahili hajui. Tukipigiana simu yeye anasema "Hi, Grandma," mimi nasema "Hi," halafu tunasikilizana tukipumua. Kwa hivyo tunaandikiana, na si mara nyingi.

Leo ameandika. Nimesoma na kidole, neno kwa neno. Mtoto alikuja jana, "around five". Baba yake alimwambia kwamba kwetu nyanya ndiye anatoa jina, na yeye anataka nitoe. Hakuna haraka, lakini isikawie.

Joseph, ulimwambia. Sikujua kama ulimwambia.

Kwetu mtoto ana jina la uji. Linatolewa wakati mama anakunywa uji wa kwanza baada ya kuzaa, na linabeba ule wakati mtoto aliingia duniani. Aliyezaliwa usiku ni Chepkemoi. Alfajiri, Chepkoech. Jua likiwa juu, Chebet. Ng'ombe wakirudi nyumbani jioni, Cherotich. Mvulana naye ana yake. Jina likikosewa, mtoto anabeba saa ya mtu mwingine maisha yake yote.

"Five" ni tano, hiyo niliisoma mwaka jana. Saa tano, jua liko juu. Chebet!

Nimemwita Mama Kirui, jirani yangu, juu ya ua wa cypress. Nimepiga kelele mpaka kuku wake wametawanyika. Brian nitamjibu Jumatatu. Kwanza kanisa lisikie.

Jumapili, 9 Machi

Kanisa limesikia. Nilisimama nikasema nina kitukuu, anaitwa Chebet. Akina mama wakaimba. Nilicheza. Goti likaniuma, nikacheza tu.

Nje, Mwalimu Wambui akanivuta kando. Huyu ni msichana wa watu wa duka kule Litein. Wazee wake walitoka Nyeri, yeye amezaliwa hapa, na Kipsigis anakiongea kuliko wajukuu wa wengi. Akaniuliza taratibu mtoto alizaliwa lini hasa. Nikamwonyesha simu.

"Kogo," akasema, "hiyo five yao ni saa kumi na moja yetu."

Nikamwambia asinichezee.

"Wao wanaanza kuhesabu usiku wa manane. Sisi tunaanza jua likitoka. Na hapa hakusema kama ni ya alfajiri ama ya jioni. Watu wa nyumba moja wanaandikiana hivyo. Kila mtu anajua ni gani."

Watu wa nyumba moja. Mimi sikujua ni gani.

Nimeimbisha kanisa zima jina la uongo. Mama Kirui amesikia yote, alikuwa amesimama karibu makusudi. Njiani akaniambia, "Sasa Chebet amekuwa nani? Amerudi tumboni?" Nimetembea mbele nikamwacha.

Kama ni alfajiri, ni Chepkoech. Kama ni jioni, Cherotich. Sijui.

Jumatatu, 10 Machi

Darasa. Tulikuwa wachache, wengine wamekimbilia Chepilat, leo ni siku ya soko. Mwalimu aliacha somo lake akafundisha saa kwa ajili yangu.

Kiingereza cha kuandika kina saa za aina mbili. Moja ni ya ofisi. Unaandika namba, nukta, halafu a.m. kama saa sita ya mchana haijafika, p.m. kama imepita. Hiyo ni ya hospitali, korti, mkutano wa chifu. Haikosei. Ya pili ni ya nyumbani. Unaandika kama unavyoongea: karibu saa fulani, baadaye kidogo, baada ya chai, asubuhi asubuhi. Hiyo ni ya watu wako.

"Ya kuuliza jina ni gani?" nikauliza.

Mwalimu akasema, "Ni mjukuu wako, Kogo. Amua wewe."

Nikaamua ya ofisi. Jina ni jambo zito. Ya nyumbani ndiyo imeniaibisha kanisani. Mwalimu aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Nilikuwa na hakika kama punda.

Tukaandika. Nilitaka kila neno liwe na tai shingoni. Kwa Kiswahili ingekuwa hivi: Bwana Brian, tafadhali taja saa kamili ya kuzaliwa kwa mtoto, ukionyesha kama ni a.m. au p.m., mapema iwezekanavyo. Wako mwaminifu. Na majina yangu yote matatu.

Niliona ni barua nzuri sana. Niliituma mwenyewe.

Jumanne, 11 Machi

Hakuna.

Jumatano, 12 Machi

Hakuna. Nimevuna sukuma wiki. Nimempikia nani, sijui, ilikuwa sufuria nzima. Mbwa amekula.

Alhamisi, 13 Machi

Alama mbili zimekuwa buluu. Amesoma. Hajajibu.

Mvua imeanza, ya kwanza. Imepiga mabati mpaka sikusikia redio. Watu wote leo wako na furaha, chai itachipua. Mimi nimekaa mlangoni na simu kwenye aproni. Nimekasirika. Nimemkasirikia Brian, baadaye Joseph kwa kufa, baadaye Malel kwa kusimama tu akiniangalia.

Joseph hangenifanyia hivi. Brian alipozaliwa, Joseph alinipigia simu kutoka huko. Hakutaja saa yoyote. Alisema, "Mama, ng'ombe wanatoka kwenda malishoni." Nikasema, "Basi ni Kipng'etich." Tukacheka, akalia kidogo. Sikumwuliza ng'ombe gani wanatoka katikati ya mji wa Kanada. Hakuwa nao hata mmoja. Alikuwa ameangalia dirishani tu, akajua vile ataniambia nielewe.

Huyo ndiye aliyekuwa katikati yetu. Sasa katikati ni wazi.

Ijumaa, 14 Machi

Amejibu. Afadhali asingejibu.

Ametuma picha ya karatasi ya hospitali. Pale kwa saa imeandikwa 17:20. Chini yake ameandika mistari michache, yote imevaa tai kama yangu. Kwamba jina linaandikishwa Jumatano ijayo. Kwamba kama jambo hili ni usumbufu kwangu, wao wataelewa, wataacha lile jina walilompa wao, Emma, likae peke yake. Wako, Brian.

Hakuna Grandma mahali popote. Nimetafuta.

Saa gani ina kumi na saba? Nimeenda na simu mpaka dukani kwa kina Wambui, Litein, kwenye matope. Akanihesabia. Ni jioni. Saa kumi na moja na dakika ishirini, jioni ya huko.

"Basi umepata," akasema. "Cherotich."

Nimepata namba. Nilienda kwa mjukuu wangu kama askari wa kanjo, wale wa baraza la mji, naye akanitolea kitambulisho. Hivyo ndivyo tumefanyiana.

Usumbufu! Ati usumbufu kwangu!

Jumamosi, 15 Machi

Mama Kirui alikuja kuazima jembe. Jembe analo. Alikuja kwa ajili ya habari.

Nikamwambia ni jioni. Akakunja uso. Mwanawe Kirui yuko jeshi, alishaenda nchi nyingine, kwa hivyo mama yake sasa ni mtaalamu wa dunia.

"Jioni ya huko," akasema. "Hapa ilikuwa usiku, watu wamelala. Wewe ndiye unaita jina, na wewe ulikuwa hapa. Mtoto ni Chepkemoi."

"Mtoto alizaliwa huko."

"Na damu ni ya wapi?" akauliza Mama Kirui.

"Na Cherotich ng'ombe wake wako wapi? Hospitali ya huko ina boma?" akaongeza, akicheka. Akachukua jembe ambalo hakulihitaji akaenda.

Nimebaki na hilo swali. Lilikuwa la mzaha lakini limekaa. Jina halitoki kwa namba. Sikuwahi kumwita mtoto kwa kuangalia karatasi. Niliita kwa kujua: mama yake alikuwa anasaga, mvua ilikuwa inakuja, ndama walikuwa wanalia. Huyu sijui kitu kumhusu. Nikisema Cherotich, nasema tu neno. Emma ni neno pia. Wanalo tayari.

Na wakiacha Emma peke yake, mimi na huyo mtoto hatutakuwa na kitu cha kushika pamoja. Baada yangu nani atamwita? Hakuna. Itaishia hapo, kwa karatasi.

Nimelia. Nimeandika ili usijidanganye baadaye kwamba hukulia.

Jumapili, 16 Machi

Sikwenda kanisani. Nimewaambia ni goti.

Jumatatu, 17 Machi

Chai imeshachipua, yote kwa pamoja kama watoto wakitoka shule. Nimechuna mpaka vidole vimekuwa vyeusi. Nikichuna nafikiria vizuri.

Nilifikiria hivi. Mtu aliyeandika "around five" alikuwa ameniandikia kama mtu wa nyumba yake. Mara ya kwanza maishani mwake. Alinifungulia mlango wa jikoni. Mimi nikazunguka nikaenda kubisha mbele na majina matatu.

Darasani nilimwambia Mwalimu Wambui nataka kuandika tena, ile ya nyumbani, na sitaki anisaidie. Akasema, "Na makosa?" Nikamwambia makosa yakae. Hata mimi nikiongea ninakosea na watu wanakula chakula changu.

Nimeandika chini ya ule mti wa avokado nje ya kanisa. Kiingereza changu kilikuwa kinatembea bila viatu. Nanakili hapa kwa Kiswahili nisisahau nilichosema:

Brian wangu. Saa nimeiona, asante. Ile barua ya kwanza ilikuwa ya ofisi, mimi siko ofisi, mimi niko jikoni. Sasa niambie nje. Mtoto akija, nje kulikuwaje? Mwanga ama giza? Watu walikuwa wanafanya nini? Wewe ulikuwa umekula? Baba yako aliangalia dirisha akaniambia, ndiyo nikakuita wewe jina lako. Hapa nilikuwa nimelala na mbwa alikuwa anabweka bure. Si usumbufu. Usiandike tena hilo neno. Andika baadaye, mtoto akilala, ama kesho baada ya chai. Nangoja. Kogo.

Sikuandika saa hata moja. Nimetuma kabla sijaogopa.

Jumanne, 18 Machi

Nimeamka, imefika. Ndefu! Nimefunga Malel, nimekaa na kamusi ya Mwalimu, na kazi yote imesimama mpaka jua limekuwa juu ya paa.

Alidhani nimemkasirikia. Alisoma barua yangu ya kwanza mara nyingi, akamwonyesha bibi yake, mama wa mtoto, naye akauliza, "Nyanya yako ana wakili?" Hapo nimecheka mpaka nimekohoa. Huyo mwanamke nampenda tayari.

Anasema aliogopa. Baba yake alimwambia amwulize Kogo, lakini hakumwambia Kogo anaulizwaje.

Halafu ameniambia nje. Ameandika vizuri, huyu mtoto ana macho ya baba yake. Hakuwa amekula tangu asubuhi. Theluji ilikuwa chini na mwanga ulikuwa unaisha, ile theluji ikaanza kuwa buluu. Taa za nyumba zikaanza kuwaka, moja hapa, moja pale. Yeye alikuwa amesimama dirishani na mtoto mkononi, hajui cha kufanya naye. Chini barabarani, anasema, watu walikuwa wanarudisha mbwa. Kila mtu na mbwa wake, wengine wawili, na mbwa wenyewe walikuwa mbele wakivuta kamba, kila mmoja anajua mlango wake. Wakawa wanaingia, wanaingia, mpaka barabara ikabaki tupu.

Ameniuliza kama hiyo inasaidia.

Nimepiga kelele mpaka Malel amekata kamba.

Wanaingia! Jioni, mwanga ukiisha, wanajua mlango wao, wanaingia! Brian, hukujua ulikuwa unaniambia nini. Joseph angejua. Joseph angesema tu, Mama, ng'ombe wanaingia, na hangetaja mbwa hata mmoja.

Cherotich.

Nimemwandikia papo hapo, kwa simu yenye unga wa wimbi. Nimemweleza jina linasema nini. Nimemwambia bibi yake anywe uji, wowote, hata wa huko, na yeye Brian aseme jina mtoto akiwa karibu na huo uji. Aseme kwa sauti. Mtoto anasikia.

Jumatano, 19 Machi

Mama Kirui amerudisha jembe. Nimempa uji, tumekunywa. Nimemwambia Cherotich na sababu yake.

"Mbwa!" akasema.

"Mbwa ndio ng'ombe wa huko."

"Wanawakamua?"

"Wewe kunywa uji wako."

Amekunywa. Alipomaliza alizungusha kikombe mkononi. Halafu akasema hata Kirui wake, huko jeshini, hajampigia simu tangu Januari. Sikujua. Yeye hucheka sana, mtu hawezi kujua. Nimemwongezea uji.

Aliulizia Chepkemoi tena akiwa mlangoni, ili tu nisidhani ameshindwa.

Ijumaa, 21 Machi

Ametuma picha. Karatasi nyingine, ya serikali. Emma Cherotich, halafu jina la Joseph mwishoni. Limeandikwa sawa.

Ametuma na sauti pia. Anasema, "Cherotich." Anakosea katikati. Anarudia. Nyuma yake mwanamke anajaribu naye, wanacheka wote wawili, halafu mtoto analia, kidogo tu, kama mlango mkavu. Chini ameandika atanipigia "Sunday, after your tea". Hakutaja saa. Nitakunywa chai mapema nibaki na simu.

Nimechuna, nimepeleka kituoni. Karani amesema leo nimeleta chai kweli.

Sasa Malel ameingia. Ameingia mwenyewe, mimi nilikuwa bado nafunga lango la chini. Mvua imepita, kwa jirani moshi unatoka. Sufuria ni ile ile ndogo. Nimepunguza redio nisikie nyumba.

Ile sauti ya Brian nimeisikiliza mara nyingi. Sitasema ngapi.

Wewe, ukirudi hapa, usikae tena mpaka panya akuonjee daftari. Kuja Jumapili, chai ikiisha. Osha mikono kwanza. Na uwe umeshamwuliza Brian bibi yake anaitwa nani, maana umekula kicheko cha mtoto wa watu wiki nzima na jina lake hukuuliza. Liandike hapa juu kabisa, kabla ya neno lingine lolote.